Utani Usiojibiwa

Vijana wa timu ya wilaya mmenitumia ujumbe kwamba niwaandikie namna ya kufunga mabao. Nimeufurahia kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu. Niliusoma kwa sauti mezani, mke wangu akauliza, "Wanajua kwamba siku hizi ukiinama kufunga kamba za viatu unahema?" Nikamwambia wanajua. Wanataka ya zamani.

Basi nitawaandikia ya zamani, ila mjue kwamba natoka msibani. Kila nikianza na bao naishia kwa mtu aliyenifundisha kulifunga, na mtu huyo tumemzika Masasi juzijuzi. Mtanivumilia.

Mwalimu Ngonyani alikuwa Mngoni wa Songea. Alipangiwa kufundisha hesabu huku Newala angali kijana, akaja na sanduku la bati na filimbi shingoni, akidhani atakaa kidogo tu. Mimi ni Mmakonde wa Mkunya, hapahapa Newala. Kwa wale ambao hawakufundishwa nyumbani: Mmakonde na Mngoni ni watani. Mababu walipigana, wajukuu wanatukanana na kuzikana. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya mkweo nawe huna ruhusa ya kununa. Unadaiwa kitu kimoja, ujibu. Utani usiojibiwa hugeuka tusi, na aliyeutoa hubaki nalo mdomoni, hajui alimeze au alitema.

Siku ya kwanza aliponiona nikicheza chandimu nyuma ya darasa, alisimama akapaza sauti: "Nani huyu anakimbia kama panya aliyetolewa shimoni kwa moto? Panya wenzako umewaacha wapi?"

Nikajibu bila kufikiri, "Wamehamia Songea, Mwalimu. Wamesikia huko watu wakishalewa komoni hawafungi milango."

Wenzangu wakashika vichwa. Mwanafunzi kumjibu mwalimu namna ile! Mwalimu Ngonyani hakucheka. Alichora mstari mchangani kwa kisigino. "Upande ule ni shule," akasema. "Huko utaniamkia shikamoo, na ukikosea hesabu nitakuchapa. Upande huu ni uwanja. Huku unijibu hivyohivyo." Tangu hapo tukaishi hivyo mpaka nywele zetu zikawa nyeupe, mimi nikivuka mstari kwenda na kurudi.

Mwaka huu akapatwa na kiharusi.

Alikuwa amekwishastaafu na kujenga Masasi, chini ya milima ile ya mawe. Mkewe, Mama Neema, alinipigia simu wiki chache baada ya kumtoa hospitali. Upande wa kulia ulikuwa umelala na maneno yalikuwa yamepotea. "Baba Zuhura," akasema, "watu wanakuja wanamtazama kama maiti. Wanaongea kwa kunong'ona, wanaacha sukari, wanaondoka. Huyu mtu nimemjua miaka yote, hanong'onewi. Njoo umtukane."

Nikashuka na gari la asubuhi. Njia nzima nilikuwa natafuta tusi zuri. Nilimkuta amekalishwa kwenye kiti, blanketi magotini, mdomo umekwenda upande. Nikasimama mlangoni. "Wewe Mngoni," nikasema, "mpaka sasa hivi hujaamka? Hiyo kangala uliyokunywa ni ya msimu gani?"

Macho yake yalinijia mara moja. Yalikuwa mazima, yanawaka kama zamani. Mdomo ukajaribu. Nikangoja. Ninyi ni wachezaji, mnajua jinsi inavyokuwa ukimpigia mwenzako pasi halafu unaona mpira unaviringika peke yake mpaka nje. Hatimaye Mama Neema akaleta chai.

Hapo ndipo nilipojiwekea shabaha, na sikuwahi kutaka bao lolote nilivyotaka hilo: nipate jibu moja. Moja tu, la kunidhalilisha ipasavyo. Nilijiambia kwamba siku Mwalimu Ngonyani atakaponijibu, atakuwa amerudi. Nikawa nashuka Masasi kila juma.

Sasa, kwa kuwa matusi huisha, nikaanza kumsimulia mabao. Haya ndiyo mliyoniomba, kwa hiyo yasomeni vizuri.

La kwanza ni kuhusu jina langu. Wazee wenu bado wananiita Kiporo. Siku hizi kiporo ni mechi iliyoahirishwa, lakini mimi niliitwa hivyo kwa sababu ya ugali wa jana. Sikuwa na mbio. Sikuwa na mashuti. Chenga nilizojua zilikuwa mbili na moja ilinipiga chenga mwenyewe. Mwalimu aliliona hilo mapema kuliko nilivyopenda. Badala ya kunifukuza akanipeleka kwenye ukuta wa nyuma wa bweni, ukuta wa matofali mabichi uliokuwa umelika kwa mvua, una mashimo na matuta kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Akawa anapiga mpira pale, nami niuwahi. Kwenye ukuta ule mpira haukurudi mara mbili mahali pamoja. "Wenzako wanatazama mpira unapokwenda," alisema. "Wewe tazama unapotokea. Chakula kinapopikwa wako wengi. Kiporo huliwa na anayeamka mapema."

Karibu nusu ya mabao yangu yametoka pale. Kipa akitema, mpira ukigonga mwamba, beki akibabatizwa, mimi nipo. Msikimbilie golini wenzenu wanapopiga. Tazameni mguu wa mpigaji, halafu magoti ya kipa. Kipa aliyekunja magoti yote mawili atautema mpira mbele. Aliyekunja moja atautema pembeni. Sijui kwa nini. Nilikwenda mpaka chuo kikuu na huko sikupata wa kunieleza, ingawa niliulizwa sana kuhusu dhamira na wahusika.

La pili ni la magoli yasiyo na nyavu. Ninyi mna nyavu, hata kama ni za kuvulia dagaa. Sisi tulikuwa na milingoti, basi. Mpira ukipita, nusu ya uwanja wanasema umepita ndani, nusu wanasema nje, refa anatazama nani ana fimbo. Mwalimu akaniambia, "Bao bila wavu linataka shahidi. Kabla hujapiga, chagua shahidi." Maana yake upige mpira umpate mtu aliyekaa nyuma ya goli, katikati kabisa. Siku moja pale Mkunya nyuma ya goli alikaa mama mmoja na karai lake la mihogo ya kukaanga. Nikamchagua. Mpira ukampita kipa ukatua karaini, mihogo ikaruka. Mabeki wakainua mikono, nje, nje! Yule mama alikwishafika katikati ya uwanja na upawa mkononi. "Nje ya nini? Umepita hapa! Hapa katikati! Mlitaka upite wapi, tumboni mwangu?" Refa akapuliza filimbi akitazama upawa.

Nilipomsimulia Mwalimu bao hilo, niliharibu makusudi. Nilisema nililifunga kwa shuti la mguu wa kulia, la mbali, kipa hakuliona. Nilitaka akasirike. Na kweli, mkono wake wa kushoto ukatoka chini ya blanketi, ukashuka polepole, ukapiga ugoko wake. Mara mbili. Ndipo mpira ule uliponigonga, kwenye ugoko, nikiwa nataka kuukwepa.

Mama Neema akapiga makofi. "Umemwona? Umemwona mtani wako?"

Nimemwona. Nilifurahi nikapanda Newala nikiwa naimba. Lakini kabla usiku haujafika nikajua kwamba lile halikuwa jibu. Lilikuwa sahihisho, kalamu nyekundu ya mwalimu. Mtani wangu alikuwa bado hajasema kitu.

Kuna jambo la kusikiliza, nalo niliseme kabla sijasahau. Uwanja wetu wa Newala uko ukingoni mwa uwanda, na wakati wa baridi ukungu hupanda kutoka bondeni ukafunika kila kitu kuanzia goli la kusini. Nimewahi kufunga bao humo, nikashangilia, nikavua shati, nikapiga magoti, halafu nikasikia mechi ikiendelea upande wa pili. Hakuna aliyeniona isipokuwa kipa wao, naye hakuwa mjinga wa kutoa taarifa. Mwalimu akasema, "Katika ukungu masikio ndiyo macho." Akatufundisha kuitana. Mtu akikujia mgongoni, mwenzako anakupigia kelele, "Mtu!" Ila sisi Wamakonde mdomoni mwetu ile *m* haikai. Tunasema ntu. Nti. Ntoto. Nchezo.

Mwalimu alitupanga mstari. "Semeni mtu."

"Ntu!"

"Fungeni midomo kwanza. Mmm. Mtu."

"Nnn. Ntu!"

Akajishika kiuno akicheka mpaka machozi. "Ndiyo maana tulipigwa juzi! Watu hamwezi kufunga midomo, mtawezaje kufunga mabao?"

Sikukosa la kumwambia. "Mwalimu, sisi tunaacha mdomo wazi kwa sababu tuna cha kula. Kwenu mnaufunga usiingie vumbi." Akanikimbiza kuzunguka uwanja mzima na fimbo ya kona.

Neno lile ntu lilinifuata hadi Dar es Salaam, niliposajiliwa na timu ambayo sitaitaja kwa kuwa haikunitendea ubaya wowote wa kusimulia. Nilicheza huko misimu kadhaa, nikafunga vya kutosha, nikawekwa gazetini nikiwa nimefumba macho. Wenzangu walinicheka kwa ntu mpaka walipogundua kwamba wakati wa kelele za uwanja mzima hilo ndilo neno pekee wanaloweza kulitofautisha. Ikafika wakati beki wa kati, Mhaya aliyejivunia Kiswahili chake na Kiingereza chake, akawa anapiga kelele "Ntu! Ntu!" kama amezaliwa kwetu Kitangari. Halafu goti likaenda. Liliondoka kwenye mpira wa kawaida kabisa, hakuna aliyenigusa. Nilitundika daluga nikiwa na umri ambao wengine ndio wanaanza kupata akili, nikarudi shule, nikasomea fasihi, nikawa mwandishi wa makala ambazo mke wangu huzisoma mpaka aya ya pili.

Mwalimu Ngonyani alinitembelea wakati ule goti lina bandeji. Watu wote walikuwa wakiniambia pole, wengine walilia mbele yangu. Yeye aliingia, akatazama goti, akatazama dari. "Afadhali," akasema. "Sasa Mmakonde utakaa chini usome." Ndiyo dawa pekee iliyoshuka kooni siku zile. Huruma huketi kitandani pamoja na mgonjwa ikambana. Utani humsimamisha. Kwa hiyo mtaelewa kwa nini nilijikaza nisimwonee huruma mzee yule katika kiti chake, hata pale alipomwagikiwa na uji na nikalazimika kutazama dirishani.

Ilikuwa ziara ile ambayo sasa najua ilikuwa ya mwisho. Nilimkuta amechoka, amepungua mashavu. Mama Neema alikuwa akimwambia ajaribu kusema jina lake tu, Mama. Akajaribu. Midomo haikukutana. Upande mmoja ulikuja, mwingine ukagoma, na sauti ikatokea puani.

"Nn," akasema. "Nn... nn."

Nadhani wote watatu tulisikia kitu kilekile, na mimi ndiye niliyekuwa na haki ya kukisema. Niliogopa. Nikasema hata hivyo.

"Mwalimu, midomo haifungi? Basi karibu kwetu. Umekuwa Nmakonde."

Mama Neema akashika mdomo. Mwalimu alinitazama. Halafu bega lake la kushoto likaanza kutikisika. Alicheka, vijana. Nusu ya uso wake ilicheka, na nusu ile nyingine ikawa imetulia kama jirani asiyealikwa. Machozi yalimtoka jicho moja. Akainua mkono wake mzima akaninyooshea kidole, akafungua mdomo anijibu, "Nn..." na tena, "Nn...", akapiga mkono wa kiti kwa hasira.

"Usihangaike," nikamwambia. "Kalitengeneze hilo jibu lako. Nitakuja Alhamisi kulichukua."

Nilipofika Alhamisi nilikuta turubai limefungwa uani.

Mama Neema alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake. Aliponiona hakulia. Alisema, "Baba Zuhura, alikuwa anakutengenezea. Tangu uondoke. Kila asubuhi anageukia ukutani anajaribu neno. Nikiingia ananipungia mkono nitoke, hataki nisikie, hadi liwe limekamilika. Jana jioni alikuwa bado analifanyia mazoezi."

"Lilikuwa neno gani?"

"Sijui. Lilikuwa refu."

Nimewahi kukosa penalti mbele ya watu waliojaza uwanja. Nimewahi kufutiwa bao halali katika mechi ya mwisho. Mkifika umri wangu mtayakuta yote hayo yamekaa mahali padogo sana. Neno lile ambalo sikulisikia limekaa mahali pakubwa, na kila nikipita halitoki njiani.

Siku ya mazishi ndugu zake walifika kutoka Songea kwa basi la kukodi. Walikuwa wanaume wenye nyuso ngumu na wanawake waliojifunga kanga viunoni, na mbele yao dada yake mkubwa, bibi mrefu mkavu mwenye fimbo. Walikuja na nia ya kuondoka naye. Mtu azikwe kwao, walisema. Mama Neema akasema mwenyewe aliagiza azikwe hapa. Maneno yakaanza kupanda. Katekista akasimama, akakaa, akasimama tena.

Wazee wa upande wetu wakanigeukia mimi. Mnajua kazi ya mtani msibani: watu wanaposhindwa kupumua, yeye ndiye anayetoboa tundu hewa iingie. Nikapewa filimbi ya marehemu na kofia yake. Nilitakiwa nimwigize, nitembee kama yeye, niwatukane wafiwa mpaka wacheke. Nikavaa kofia. Nikatembea hatua chache mbele ya jeneza, kifua mbele, kama alivyotembea pembeni mwa uwanja. Watu wachache wakaguna kwa kicheko. Nikafungua mdomo.

Hakuna kilichotoka. Tusi nilikuwa nalo, hata mawili. Ila nilitazama lile jeneza nikajua kwamba nikisema nitangoja jibu, kama nilivyongoja miezi yote ile, na kwamba safari hii hata jicho halitageuka. Nikasimama tu, kofia kichwani, filimbi shingoni, watu wa mikoa miwili wananitazama.

Ndipo yule bibi wa Songea alipopiga fimbo chini.

"Huyu ni nini?" akauliza kwa sauti iliyofika barabarani. "Huyu ndiye yule mfungaji tuliyesimuliwa kila likizo mpaka masikio yakatuuma? Mbona amesimama kama mlingoti wa goli? Wewe mtumwa wetu! Ndugu yangu alikuja huku na meno yote, na akili yote, amekaa na ninyi wala panya, tazama mlivyomfanya. Na leo hata kumlilia hujui, umeachama tu. Funga mdomo au sema!"

Na mimi, vijana, nilihisi miguu inapata damu. Maisha yangu yote nilidhani utani ule ulikuwa wa watu wawili, wangu na wake, kwamba angekufa nao. Bibi huyu hatukuwahi kuonana. Alinijibu kana kwamba tulikuwa tumeyakatiza mazungumzo jana. Alikuwa na macho yaleyale.

"Jibu basi!" akasema. Sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka. "Jibu, mjukuu wangu."

Nikavua kofia.

"Bibi," nikasema, "babu zenu walishuka huku na mikuki wakabeba watu wetu, na mpaka leo hamjarudisha hata ntu mmoja. Sisi tumebeba mmoja tu. Mwambie dereva wa basi asimsubiri."

Kicheko kilianzia kwa wanaume wa Songea. Kikaja kwa wetu, kikawafikia wanawake kwenye mikeka, na nikamwona Mama Neema amejifunika uso kwa kanga, mabega yakienda juu na chini. Bibi alicheka ameegemea fimbo, kichwa nyuma, kwa muda mrefu, mpaka kicheko kikamkatikia katikati. "Haya," akasema, akijifuta. "Haya, mmemchukua. Mmemchukua, basi." Akanipa mkono wake, mwepesi kama ubua, tukasogea pamoja kwenye shimo, naye akanisukuma mbele yake nianze mimi kutupa udongo.